Neno "Virusi" Jikoni mwa Mama

Asubuhi hizo ukungu wa kijiji chetu cha Boito ulishuka hadi juu ya mistari ya chai, wachunaji wakaonekana vichwa tu, kana kwamba wanaogelea katika maziwa. Niliwatazama kupitia dirisha la jikoni nikahisi kwamba mimi pia sijagusa chini. Mama alikuwa na saratani ya mapafu. Hakuwahi kuvuta sigara hata moja.

Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu, ambako utafiti wangu wa uzamili ulihusu ugonjwa huohuo: je, virusi fulani vinaweza kuchangia saratani hiyo kwa wasiovuta? Nilichunguza vipande vya mapafu ya watu nisiowajua, vyembamba kuliko ganda la kitunguu. Wakati mwingine alama za virusi zilikuwamo. Lakini kukuta nyayo za mgeni katika nyumba iliyoungua si kujua kwamba ndiye aliyeiwasha. Kwa hiyo Mama aliponiuliza ugonjwa wake ulitoka wapi, nilipima kila neno: huenda ni moshi wa kuni, huenda ni virusi, huenda ni bahati mbaya tu. Aliendelea kuchambua mboga.

Wiki tatu zilipita kama usingizi wa mchana. Ndipo nilipoona kikombe chake kimewekwa peke yake kwenye rafu ya juu. Aliacha kumbeba mtoto wa dada yangu. Siku ya kliniki alisema amechoka, hakwenda. Nilidhani ni ugonjwa; nikayaandika yote daftarini kama dalili.

Jumapili moja asubuhi alinikalisha karibu na jiko.

"Hiyo virusi," alisema polepole, "ni baba yako aliniletea?"

Kwetu, mtu akitaja virusi bila kuongeza neno, anataja Ukimwi. Mimi nilikuwa nimetumia neno la maabara; yeye alisikia neno la mabango ya zahanati. Nikamweleza kwamba virusi ni vya aina nyingi, kwamba hata mafua huletwa na virusi. Kwamba alipimwa hospitalini na hana hivyo anavyoviogopa. Kwamba saratani yake haiambukizi kwa kikombe wala kwa kumbeba mtoto. Safari hii sikusema huenda.

"Na hii saratani, nani aliileta?"

"Sijui, Mama. Bado hakuna anayejua."

"Miaka yote hiyo ya shule," alisema, "na hujui kuongea na mtu wa nyumbani."

Alicheka hadi akakohoa. Kisha akatazama nje, kule ambako kaburi la Baba liko nyuma ya mistari ya chai, akaniambia kwamba alikuwa ameenda huko mara mbili kumsamehe.

Kliniki tungeenda Jumatano, alisema, huku akijifunga leso. Nikamuuliza anaenda wapi sasa na ukungu bado haujainuka.

"Kumwomba msamaha. Wewe shusha hiyo kikombe."