Kutoka Nchelenge hadi Meza Inayozunguka

Watu wa huku ziwani wananiuliza kwa nini fundi wa injini za mitumbwi alifunga kibanda chake siku sita kwa ajili ya chakula kimoja cha mchana. Nitaeleza kwa utaratibu. Binti yetu Aimerance, mshonaji huko Lusaka, alipata mchumba: Trésor, kijana wa Lubumbashi, karani katika ofisi ya kusafirisha mizigo. Mimi nilikwisha kukubali. Lilibaki neno la mke wangu, na neno lake halitolewi kwa simu. Trésor akatualika kwenye mgahawa wa Kichina wa watu wakubwa, ambao mchana hutoa vyakula vitano kwa bei ya kimoja. Aliniuliza kama mwaliko wa namna hiyo unafaa. Nikamjibu kwamba unafaa sana. Naomba mlikumbuke jibu hilo.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, tuliondoka Nchelenge kwa basi dogo la Mansa. Mke wangu alipakia samaki wakavu na mfuko wa unga wa muhogo. Nikamwambia kwamba mgahawa una chakula chake.

“Bukari iko?” akauliza, maana kwake bila ugali huo hakuna chakula.

“Wachina wanakula wali.”

“Muchele ni ya Noeli na ya bagonjwa,” akasema, akaukumbatia mfuko wake.

Tulilala Mansa kwa binamu yake. Jumanne kutwa tulikuwa barabarani. Baada ya daraja refu la Luapula nilitoa kijitabu changu cha adabu za mezani, nikamfundisha kushika vijiti kwa kutumia vipande viwili vya matete nilivyochonga nyumbani.

“Na mukono, iko na ugonjwa gani?” akauliza, akalala hadi Kapiri.

Jumatano, saa sita na nusu mchana, tulifika mgahawani. Mlangoni palikaa simba wawili wa mawe, wamefungua vinywa wazi, na kwa jinsi walivyokonda nadhani hawajawahi kupewa kitu. Ndani kulikuwa na tangi la kioo lenye samaki wekundu.

“Aba balifungwa juu ya nini?” mke wangu akauliza. Hakuna aliyejua kosa lao.

Tuliketi wanne, sisi na wachumba, kwenye meza ya duara ambayo juu yake kuna kioo kinachozunguka. Sahani huwekwa katikati, na anayetaka chakula anakizungusha kioo mpaka kimfikie. Ukaja kwanza mchuzi mwembamba hata nikasoma maandishi ya kiwandani chini ya bakuli. Pili wakaja samaki wadogo sita wa kukaanga, wamepangwa mstari mmoja, na jani moja la kuwasindikiza. Niliwatambua mara moja. Walikuwa chisense, samaki ambao huku kwetu tunawapima kwa ndoo. Walikuwa wamefika Lusaka kabla yetu, na walivaa vizuri kuliko sisi.

Mke wangu hakugusa kitu. Aligeuza kiti, akakaa ametupa mgongo, anawatazama wafungwa wa kwenye tangi.

Kwa msomaji asiye wa huku: kwetu mama na mkwe wake hawali wakionana. Kila mmoja anakula upande wake, mpaka siku mama atakapompikia mkwe kwa mikono yake mwenyewe na kumwita. Siku hiyo aibu inafunguliwa, na hakuna tena mjadala wa ndoa. Mimi nilijua hayo yote. Nilifikiri tu kwamba desturi hiyo ni ya nyumbani, haivuki mlango wa mgahawa. Zaidi ya hayo, nilitaka kuiona meza inayozunguka.

Mhudumu, kwa adabu aliyofundishwa, alizungusha kioo ili samaki wamfikie mama. Mama akasogeza kiti. Mhudumu akazungusha tena. Samaki wale sita walizunguka meza mara tatu bila mtu wa kuwapokea.

“Mama, kula tu!” Trésor akasema. “Hapa ni Lusaka, hapana Nchelenge.”

Mke wangu aliongea na samaki wekundu. “Baba Aimerance, ambia ule mutoto ya batu: macho yake ni ile ile, Lusaka ao Nchelenge.”

Sahani ya tatu ikaja, ikaondoka imejaa. Aimerance akaninong'oneza, machozi karibu: “Papa, mama akitoka hapa na njaa, njo imeisha. Hatasema ndiyo.”

Nilifungua kijitabu changu. Hakikuwa na ukurasa wa jambo hili.

Trésor aliutazama mgongo ule. Kisha akaweka vijiti chini. “Papa,” akaniambia mimi, maana sasa hakusema naye moja kwa moja, “ambia mama anisamehe. Mi njo mujinga.” Akachukua bakuli lake, akaenda nyuma ya kiwambo cha mbao kilichochongwa joka.

“Bwana, kule ni njia ya choo,” mhudumu akasema.

“Iko bien,” sauti ikajibu.

Tuliona viatu vyake tu, vimeng'arishwa, chini ya mkia wa joka. Wakubwa wa meza nyingine wakacheka. Viatu havikusogea.

Mke wangu akageuza kiti. Alinawa, akazungusha kioo mwenyewe kwa kidole kimoja, akala kwa mkono samaki wote sita, kisha sahani ya nne, kisha ya tano. “Ule mupishi anajua moto,” akasema. “Lakini bukari, hapana.”

Alhamisi asubuhi, kituoni, alimpa binti yetu mfuko wa unga. “Ambia Trésor akuye Nchelenge. Mi mwenyewe nitamupikia.” Aimerance akaniangukia shingoni mimi, ambaye sikustahili.

Jumamosi tulifika nyumbani. Nimejifunza kwamba kijana anayeweza kula kando ya choo kwa heshima ya mama mkwe atafaa, na kwamba vyakula vitano kwa bei ya kimoja vinamtosha mtu mmoja. Mke wangu amejifunza ni nani aliyeukubali mwaliko ule. Nayaandika haya nyuma ya uzio wa matete, upande wa jalala, ambako tangu juzi ndiko bukari yangu inakoletwa.