Faili la Mke wa Misumari

Mimi ni kinyozi, vichwa vingi vimepita mikononi mwangu, lakini mkaidi kama Misumari sijapata kumwona. Jina hilo tulimpa sisi, kwa sababu ana duka la vifaa vya ujenzi linalotazamana na kibanda changu. Yeye hakulipenda wala hakulikataa. Akiitwa, anaitika tu.

Tulikuwa wote darasa la jioni, watu wazima na vitambi vyetu, tumejibana kwenye madawati ya watoto wadogo. Misumari na mkewe waliketi dawati la mbele yangu. Mke alikuwa na ugonjwa wa maswali. Mwalimu akisema mmea unapumua, mkono juu: na usiku je? Akijibiwa hilo, mkono tena: na tawi lililokatwa je? Sisi tuliochoka na kazi za mchana tulikuwa tunaguna, maana kila swali lilituchelewesha kwenda kulala. Misumari hakuwahi kunyoosha mkono hata siku moja. Aliandika tu, na mke akiuliza, alikuwa anatabasamu huku ameinama, akidhani hatumwoni.

Nyumbani walikuwa na faili moja, na hilo ndilo lililokuwa likiwagombanisha. Mume akitaka kusoma historia, mke ameshika hisabati, na zote zimefungwa kwa kamba moja ya kiatu. Walikuwa wanakuja darasani wamenuniana kwa ajili ya karatasi.

Kisha binti yao wa pekee akapata nafasi chuoni. Karo ilikuwa kubwa, na mama akapata kazi ng'ambo, kumtunza bibi mmoja mgonjwa kwa mkataba wa mwaka mzima. Siku ya kuondoka nilikwenda kumbebea begi, kwa hiyo nilisikia alichomwambia mumewe mlangoni.

"Baba, usilale bila kula. Na nikirudi nataka faili langu mwenyewe. Sitaki kugombania karatasi tena. Nifike, nikae, nisome, tuingie kwenye mtihani pamoja."

"Utalikuta," alisema Misumari.

Akalishika neno hilo kama amri. Mwanzoni mwa mwaka alikuwa ameshawaandikisha wote wawili kwa ajili ya mtihani, na sasa akaanza kuja darasani na karatasi za kaboni, zile za dukani kwake za kuandikia risiti nakala mbili. Mchana, wateja wakipungua, alikuwa anapanga karatasi mbilimbili na kaboni katikati, anazibana kwa vibanio vya nguo. Jioni anaandika kwa kukandamiza kalamu mpaka dawati linalia. Karatasi ya juu, safi, ilikuwa ya mke. Ya chini, yenye bluu iliyochafukachafuka, ya kwake. Na chini ya kila ukurasa aliacha nafasi tupu ya upana wa kiganja.

"Hiyo ya nini?" nilimuuliza.

"Ya maswali yake."

Wanaume wanaoonyesha mapenzi hadharani huwa wananikera, lakini huyu hata hakujua kwamba anaonyesha.

Matundu ya faili alitoboa kwa msumari na nyundo. Vigawanyo vya masomo alikata kwenye zile kadi za kuchagulia rangi za ukuta: biolojia kijani, historia kahawia, hisabati nyekundu kwa sababu, alisema, ndiyo inayouma. Mada ikiisha, karatasi za mke alizifunga kwa kamba ya katani, fundo la mara mbili, akazilaza ndani ya boksi la vigae juu ya kabati na kutia naftalini ili mende wasisogee. Kifurushi kikishafungwa hakifunguliwi mpaka mwenyewe aje. Za kwake mwenyewe zilikaa popote. Siku moja nilizikuta zimefunika sufuria.

Wenzetu walimwambia apige picha kwa simu amtumie mke. Alijaribu. Mke akasema kwenye simu yake maandishi yanaonekana kama sisimizi, na tena huko simu anashika Ijumaa tu, bibi akiwa amelala. "Niwekee," alisema. "Nitasoma nikija." Basi akawekewa.

Mwaka ukasonga. Mwalimu alikuwa akimaliza kufundisha anauliza, "Kuna swali?" na sisi sote tunatazama ile nafasi tupu kando ya Misumari. Hakuna aliyeuliza. Tuliwahi nyumbani kila siku, na mimi niliyekuwa naguna kuliko wote niliyatamani yale maswali mpaka nikajishangaa.

Zikiwa zimebaki wiki chache tufanye mtihani, mke alipiga simu. Bibi alikuwa hali yake mbaya, familia imemwomba aongeze mwaka, na binti bado ana miaka chuoni. Alikuwa amekubali. Misumari alinieleza hayo akiwa amesimama mlangoni kwangu, na akamalizia kwa kusema kwamba huenda akaja tu, mambo hubadilika.

"Yamebadilika mara ngapi?" nilimuuliza.

Jioni ile alikuja na kaboni yake kama kawaida.

Tulipoanza kudurusu ndipo mkosi ukamkuta. Alifungua mada ya figo kwenye karatasi zake akakuta nyeupe pee, zote nne. Siku tuliyofundishwa figo, mteja wa mabati alimharakisha, naye akazibana kaboni juu chini. Maandishi, badala ya kushuka kwenye karatasi ya chini, yalijichapa kinyumenyume mgongoni mwa ile ya juu. Hakugundua, kwa sababu karatasi za mke alizifunga mara tu alipofika nyumbani, na za kwake alizitupia huko huko zinakotupiwa.

Akaja kuazima za kwangu. Nilimwonyesha nilichonacho: mchoro wa kitu kama haragwe, na chini yake hakuna kitu, maana nilisinzia.

"Lakini si unazo nzima nyumbani?" nilisema. "Fungua kifurushi cha shemeji."

"Kile ni chake."

"Misumari, shemeji haji. Mtihani unakuja, yeye haji. Unatunza karatasi zisipate mende, na wewe utafeli."

Nilisema kwa ukali, kwa sababu nilimhurumia, na mimi nikiona huruma nakuwa mkali. Akavuka barabara kurudi dukani. Nilimwona kwa mbali akipanga makopo ya rangi yaliyokuwa yamepangwa tayari.

Ijumaa alikuja kuchaji simu kwangu, kwani duka lao halikuwa na umeme siku hiyo. Kwapani alikuwa na kifurushi cha figo, fundo la mara mbili vilevile. Alikaa kwenye kiti cha wateja, simu ikalia, na kwa kuwa waya ni mfupi ilibidi azungumze pale pale kwa spika.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Mwongo huyu, shemeji!" nilipaza sauti. "Anakula mkate mkavu!"

"Shemeji, mwangalie bwana," akasema, akacheka. Kisha, "Unasoma lakini?"

Misumari akakohoa. Akamweleza habari ya kaboni, ya karatasi nyeupe, na mwisho, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba anahitaji kufungua kifurushi chake na hataki.

Huko ng'ambo nilisikia mlango ukifungwa taratibu.

"Kwa nini hutaki?"

"Nikikifungua itakuwa nimekubali huji."

"Baba," alisema mke, na sasa alikuwa analia, "siji. Sitafika. Ningeweza ningekuja kwa miguu. Kila Ijumaa nahesabu wako wapi sasa, wamefika mada gani. Fungua. Nisomee."

Nilimpa wembe akate kamba. Akaukataa. Alilihangaikia lile fundo kwa kucha mpaka likalegea, akazungusha kamba vizuri akaitia mfukoni, ndipo akainua ukurasa wa kwanza mbele ya uso wake na kuanza kusoma. Mimi nilikuwa nyuma yake. Kwenye kioo changu niliuona mgongo wa ile karatasi, na yale maandishi ya kinyume yalisomeka humo sawasawa, mstari kwa mstari, yeye akiyatamka. Mteja aliyekuwa anasubiri alitaka kuuliza zamu yake. Nilimtazama, akakaa.

Alisoma jinsi damu inavyoingia, jinsi inavyochujwa, kipi kinarudi mwilini na kipi kinatoka. Alipofika mwisho wa ukurasa, mke akasema, "Ngoja. Na mtu akibaki na figo moja?"

Misumari akageuka akanitazama mimi, kana kwamba haragwe langu lingejua.

"Hiyo moja inafanyaje?" mke aliendelea. "Inafanya kazi ya mbili, au mtu anaishi nusunusu?"

"Sijui, mama."

"Basi andika. Umeniachia nafasi?"

"Nimeacha."

Akatoa kalamu sikioni, akaliandika swali lake kwenye ile nafasi tupu, taratibu, kwa maandishi mazuri kuliko ya siku zote. Jumatatu, mwalimu alipouliza kama kuna swali, Misumari alinyoosha mkono. Darasa zima liligeuka. Aliuliza, tukachelewa kurudi nyumbani, na hakuna aliyeguna. Mwalimu alisema inayobaki hukua kidogo na kujifunza kubeba kazi ya mbili. Misumari akaandika jibu chini ya swali.

Siku ya mtihani tulipangwa kwa namba. Namba ya mke ilifuata ya mumewe, kwa hiyo dawati la kando yake lilikuwa tupu, na msimamizi, kwa kufuata utaratibu, aliweka karatasi ya maswali juu yake, kifudifudi. Nilijitahidi kutotazama huko. Misumari aliandika mpaka dakika ya mwisho, akikandamiza kalamu kwa mazoea, ingawa safari hii chini hapakuwa na karatasi ya pili.

Tuliruhusiwa kutoka na karatasi zetu za maswali. Msimamizi alikuwa anapita kukusanya zile ambazo hazikutumika, Misumari akasimama.

"Naomba ile."

"Si unayo ya kwako?"

"Ile ni ya mke wangu."

"Mbona hakuja kufanya mtihani?"

"Yuko kazini," alisema Misumari. "Ana faili. Hii tu ndiyo imekosekana."

Msimamizi alimtazama, akatazama dawati tupu, akampa. Misumari akaketi tena. Akatoa msumari mfukoni, akailaza ile karatasi juu ya dawati la mkewe, akaanza kuitoboa matundu.