Kopo Moja Tu Mezani

Jirani yangu hujaza risasi za bastola mwenyewe, katika gereji yake hapa Montana, kwenye baridi inayogandisha hata uongo wangu kabla haujatoka mdomoni. Vidole vyake ni vinene, lakini hushika kijiko cha baruti kama mtu anayelisha kifaranga. Husoma lebo ya kopo kwa sauti, kisha huisoma tena kana kwamba imebadilika. Risasi hizo ni za mkewe, Verna, anayezipiga kwa bunduki ya mtutu mrefu inayotumia risasi hizo hizo za bastola, kuwalinda kondoo dhidi ya mbwamwitu. “Baruti ya haraka huchoka katikati ya mtutu, Bibi,” hunieleza. “Ya polepole huisindikiza risasi hadi mlangoni.”

Jana alikuwa akilinganisha hizo mbili, simu ikalia, akaenda kupokea. Aliporudi, kipimo alichokiacha kilikuwa kimejaa baruti ya kijivu, na makopo yote mawili yako wazi mezani. Akapauka.

“Nimemimina ipi?”

“Onja,” nikamwambia.

Hakucheka. “Nikikosea, bunduki itapasukia shavuni mwa Verna.”

Verna akachungulia dirishani. “Mzee, kondoo watakufa kwa uzee tukikungoja wewe!”

Mzee aliibeba ile baruti akaimwaga kwenye mawaridi, ambayo kwa kulishwa hivyo yamewahi kumng’ata mbwa wangu. Kisha akachagua kopo la polepole, na lile jingine akaniwekea mapajani.

“Lipakate, Bibi. Usiliweke chini hata ukipiga chafya.”

Nikalipakata kama mjukuu, na kila alipochota kijiko aligeuka kuhakikisha bado ninalo.