Mkono Mtupu wa Ba

Nilipokuwa bado mtoto wa kaptula moja, hakuna mtu Homa Bay aliyeweza kunishinda kugonga sufuria. Siringi, uliza yeyote aliyekulia mtaa wetu. Nyawawa wakipita, zile roho za wafu zinazotembea na upepo zikinong'ona, kila boma hutoka nje na kugonga chochote chenye kelele: sufuria, karai, mabati. Unawafukuza wasiingie kwako, jirani naye anawafukuza, hivyo hivyo mpaka wafike ziwani. Mimi nikigonga, mbwa wa Mbita, mji mwingine kabisa, walibweka.

Jioni moja Mama alikuwa ameenda Migori kuuza omena, akaniachia dada yangu mdogo, Atieno. Upepo ukaja ghafla, jua likizama. Mtaa ukalipuka kwa kelele, na mimi juu ya jiwe na sufuria ya ugali, nagonga kama mtu aliyeandikwa kazi. Nyanya wa jirani akanisifu.

"Odhiambo, leo umewapeleka ziwani wote. Hakuna hata mmoja amebaki."

Ndipo nikakumbuka Atieno alikuwa wapi. Alikuwa ziwani, ameenda kuchota maji.

Nikakimbilia wakubwa. Hakuna aliyekataa kwenda, lakini hakuna aliyetafuta viatu. Mvuvi mmoja, mikono yake minene kama miguu ya meza, alisema tungoje kidogo wale wa upepo wazame ziwani kwanza. Tungoje, na mtoto yuko kule? Lakini siwezi kumcheka. Miguu yangu nayo ilikuwa imeota mizizi nje ya duka la nguo la Wahindi.

Ndani alikuwa mama wa mwenye duka, mzee wa magoti mabovu, mtu wa dini ya Kihindu. Tulimwita Ba kama wajukuu wake walivyomwita. Alikuwa anawasha taa ya mafuta mbele ya picha ya mungu wao, mama aliyepanda simba, mikono mingi, na karibu kila mkono una silaha. Nilimweleza nikilia. Halafu, kwa kuwa akili yangu ilikuwa kali hata machozi yakitoka, nikamwomba aniazime upanga kama ule.

Akacheka. Akanionyesha mkono ambao sikuwa nimeutazama: mtupu, kiganja kimeinuliwa.

"Hii ndiyo kubwa," akasema. "Hii nasema, usiogope."

Nikamwambia nyawawa hawajui Kihindi.

"Sikia, mtoto. Wewe nafikiri wewe iko huku, ile iko kule, nyingine kabisa. Hapo ndiyo hofu nazaliwa. Kama iko moja tu, nani taogopa nani? Mungu nakaa ndani yako, ndani ya ile pia nakaa. Ile ile moja. Haya, enda."

Nisiwadanganye, sikuelewa. Lakini alijikokota mpaka mlangoni akauinua mkono wake vile vile, na kila nilipogeuka niliuona. Basi nikaenda. Simba mwenyewe angenipisha.

Nilimkuta Atieno amechuchumaa kwenye matete, ndoo kichwani kama kofia ya askari. Masikini, alikuwa amesikia mji mzima ukimsukumia roho zote za dunia. Nikamwita. Akafunua ndoo, akaona kivuli kinakuja, kaptula inapepea, akapiga nduru na kurudi nyuma mpaka maji yakafika kifuani. Na nyuma yake palikuwa na kina.

Yaani mimi, niliyekuwa nakufa kwa hofu, ndiye nilikuwa nyawawa wake.

Hatua moja zaidi na ningempoteza. Nikasimama. Nikainua kiganja, mtupu.

"Atieno. Ni mimi. Hapa hakuna mwingine, ni sisi tu."

Akanitazama sana. Kisha akatoka majini polepole, na alipofika akanipiga na ndoo.

Leo ninachimba dhahabu Macalder, na hakuna shimo limenishinda, ingawa yapo yaliyojaribu. Mimi ni Msabato, kila Jumamosi niko kanisani, na pasta wetu pengine hatapenda hili. Lakini nikishuka kule gizani na moyo ukianza kupiga ngoma, ni Ba ninayemwona mlangoni. Maneno yake nilianza kuyaelewa pale majini, na sijamaliza. Watu wake walihamia Kisumu kabla sijajua kwamba asante husemwa kwa mdomo. Ba, kama uko ndani ya kila kitu kama ulivyosema, basi umeshaisikia.

Atieno ni mama wa watoto sasa, ana kibanda sokoni Migori, na bado ananiambia, "Omera, ndugu yangu, wale wa upepo ningewavumilia. Wewe ndiye ulitaka kuniua."

Nyawawa wakipita, mimi bado hugonga sufuria, sitaki kusemwa na majirani. Lakini siku hizi kabla ya kugonga, huuliza kwanza nani yuko upande wa ziwa.