Nilihamia Robanda mara mbili kwa siku moja, na kosa lilikuwa kwenye plani yangu

Wakuu, heshima kwenu. Shikamooni mnaostahili.

Haya yalinikuta mwenyewe. Sijaongeza chumvi, na pale nilipodanganya nitasema.

Mimi ni fundi wa pampu na sola. Shule niliishia la saba, mengine nimejisomea. Nikipata jambo jipya, kwanza natafuta maandishi yake, ndipo nashika spana. Nilipopata kazi kwenye kambi moja ya watalii huko Robanda, ikabidi nihamishe familia kutoka Nyamisangura, kule Tarime mjini. Kwa wiki mbili nikasoma kuhusu kuhama.

Nikaajiri kampuni kutoka Mwanza. Sio wale wa kukutupia kabati kwenye kenta kama mahindi. Hawa wana sare, mablanketi ya kufungia vioo, na fomu ya kila kitu. Msimamizi wao aliitwa Masunga, Msukuma mpole, mwenye adabu kupita kiasi. Kumbukeni hiyo adabu.

Niliandika plani ya kurasa nne. Kila kitu kina stika yenye namba. Kanuni niliyoisoma ni hii: kitanda kipakiwe mwisho ili kishuke kwanza na kifungwe mara moja, maana mkifika mmechoka mtahitaji pa kulala.

Masunga alisoma plani akanipa mkono. "Bosi, sijawahi kukutana na mteja wa hivi."

Nilivimba kichwa, sifichi.

Mke wangu, Mama Ghati, alitangulia siku moja kufanya usafi. Kwenye plani yangu niliandika: "Watu wa jikoni: 3." Sikuandika majina. Nilijua fika mmoja wao ni mama yake mzazi kutoka Ringwani, aliyekuja kuiombea nyumba. Wale wawili ni wenzake wa kanisani.

Kwa wasio wa huku: mama mkwe haoni kitanda cha mkwe wake. Na mkwe hamsogelei mama mkwe hovyo. Tunasalimiana kwa mbali, macho chini. Ni heshima, sio ugomvi. Nina miaka ishirini ya ndoa na sijawahi kukosea.

Lori likaingia uani saa saba mchana, nami nimo. Mama mkwe ametoka jikoni na beseni la maharage. Mlango wa nyuma wa lori ukafunguliwa.

Namba moja: kitanda changu.

Vijana wa Masunga wakakifunga palepale uani kuhakikisha skrubu zimetimia. Fomu yao inataka hivyo. Wakaweka godoro. Mama mkwe amegeuka mti.

Hapo ndipo adabu ya Masunga ikafanya kazi. Akapigapiga godoro kwa kiganja. "Karibu mama, umesimama sana. Kaa hapa upumzishe miguu."

Beseni lilianguka.

Mama mkwe akajifunika khanga usoni, akachukua mkoba wake, akashika njia kuelekea barabarani. Wenzake nyuma yake.

Mke wangu akanikuta nimejificha nyuma ya tairi. "Baba Ghati, kurasa nne zote hizo, hakuna mahali imeandikwa nina mama?"

Nikazikunja zile kurasa nikazitia mfukoni. Yeye akaendelea:

"Akipanda bodaboda, na mimi napanda ya nyuma yake. Kwenye nyumba isiyoombewa utalala wewe na pampu zako."

Wakuu, hakuwa anatania. Lakini ningefanyaje? Mama mkwe hakimbizwi. Ikabidi nimtume Masunga, mimi nikabaki kusikiliza kwa umbali wa heshima.

"Mama, tusamehe, turudi," Masunga akasema.

Mama mkwe hakugeuka. "Wewe ni nani, mwanangu?"

"Mimi wa lori, mama."

"Lori gani? Sisi tunasubiri lori la mkwe wangu. Bado halijafika."

"Si lile pale, mama!"

"Mimi sioni lori. Likifika nitarudi."

Masunga akanijia mbio, kwa huruma. "Bosi, pole. Mama macho yameondoka kabisa."

Nikamwambia: "Pakia."

"Nipakie nini?"

"Kitanda. Kianze kabisa ndani, kifunikwe turubai. Halafu tunaondoka."

Alinitazama kama mtu anayetafuta hiyo huduma kwenye fomu yake. Haikuwepo. Ila kukiweka kitanda ndani kabisa kulitaka mzigo wote ushuke na upande tena. Kazi ya saa mbili. Akina mama watatu wamekaa kando ya barabara wametupa mgongo, wanachambua maharage yaliyookotwa.

Tukaondoka. Tukafika mwisho wa kijiji, tukageuza, tukarudi tunapiga honi.

Vigelegele! Mama mkwe mbele, anacheza. "Poleni na safari! Mbona mmechelewa hivyo?"

Masunga, kijana mwerevu, alishaelewa. "Tembo, mama. Walikaa barabarani."

"Hao nawajua. Hawana haraka."

Nami nikatikisa kichwa kukubali. Huo ndio uongo wangu.

Vitu vikashuka vizuri. Kilipobaki kitanda, mama mkwe akatangaza kwamba sasa ni muda wa maombi na wote tufumbe macho. Vijana wakakipitisha mlango wa nyuma kimyakimya, wakaanza kukifunga chumbani.

Aliombea msingi, bati, kazi yangu, watoto. Alipokaribia kusema amina akasita, akauliza macho kayafumba: "Wamemaliza?"

Mke wangu akajibu, "Bado mbao za chaga, mama."

Maombi yakaendelea. Yakafika hadi kuwaombea tembo.

Nilichojifunza: kabla hujaandika kitu gani kishuke kwanza, andika nani atakuwa amesimama uani. Kwa majina. Na wageni wa kampuni waelezwe mila zenu kabla ya safari, maana adabu ya kwao inaweza kuwa msiba kwenu.

Nawasikiliza wenye uzoefu. Je, nyinyi mlipohama, ni kitu gani kilishuka mbele ya mtu asiyetakiwa kukiona?