Jipu la shamba kwenye lami ya Dar: yaliyotukuta mimi na mjukuu wangu

Vijana mnaosoma humu, assalaam alaykum. Wa salamu nyingine, hamjambo.

Mnaitana wakuu, lakini kwa umri wangu nyie ni wajukuu. Shikamoo zenu nimeshazipokea. Marahaba.

Naona wengi mnauliza kama gari la porini linafaa kwa kwendea kazini kila siku kwenye lami. Mnajibizana kwa maneno ya kitaalamu, mimi hayo siyajui. Nilisoma chuo cha Kurani na shule kidogo, basi. Lakini jipu nimelipanda tangu nywele zangu nyeusi, na yaliyotukuta nitayasema kama yalivyo. Palipo na ndoto nitasema hapa ni ndoto.

Tuko Bagamoyo, Mji Mkongwe. Marehemu mume wangu, sote tukimwita Mzee, alikuwa mfanyabiashara. Akinunua mananasi Fukayosi, akitoka huko anakwenda Lugoba kutafuta mahindi na mbuzi. Enzi hizo njia ya Msata haikuwa na lami. Ilikuwa mchanga, na masika ni tope mpaka magotini.

Ndiyo akanunua jipu. Refu, unalipanda kwa kujivuta. Tairi zina meno makubwa ya kukamata tope. Halina raha, lakini halikwami.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lenyewe.

Mzee alikuwa na desturi. Alhamisi jioni, kabla ya safari yake, anazunguka jipu anapunguza upepo wa tairi. Alikuwa akisema tairi ngumu huchimba mchanga, laini huukanyaga. Mimi ndani nafukiza udi wa usiku wa kuamkia Ijumaa, yeye nje anatoa upepo. Psss. Anahamia tairi la pili. Psss.

Alipofariki, mwanangu Mahfudhi akaendelea nayo. Jipu halikuwa likienda popote, limekaa uani kuku wanalala chini yake. Lakini Alhamisi ikifika atalipangusa, atatia upepo kwa pampu ya mguu, halafu ataupunguza kwa kipimo cha baba yake. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Kila mtu ana namna yake ya kumlilia mzazi.

Halafu mjukuu wangu Zuhura, mtoto wa binti yangu, akapata kazi ya uuguzi kwenye zahanati moja Tegeta. Ni mbali kwenda na kurudi kila siku. Mahfudhi akasema, "Achukue jipu. Gari la baba lisiozee uani."

Nikakubali. Nikakubali haraka kweli.

Nitawaambia sababu. Alfajiri nikishaswali huwa najinyoosha mkekani. Zuhura akiliwasha, ule mngurumo ukaingia dirishani, mimi nilikuwa sipo tena mwaka huu. Nilikuwa niko na Mzee, anakwenda Lugoba, kikombe chake cha kahawa bado kina moto. Nasikia jipu likipinda kona ya msikiti, linapungua, linapungua, mpaka linakuwa kama nyuki chumba cha pili. Nalala tena na kicheko mdomoni.

Mtu mzima anapewa zawadi kama hiyo kila asubuhi, utaikataa?

Zuhura hakuwa akicheka. Akirudi jioni mabega yanamuuma.

"Bibi, ule usukani ni kama kutwanga."

"Si ndiyo mazoezi hayo."

"Na kelele! Nikifika kazini wagonjwa wananisemesha, mimi nasikia tairi tu."

Gari lile linakunywa dizeli kama ngamia. Upepo wa baharini ukilipiga ubavuni linayumba. Vigari vidogo vinampita huku vinampigia honi. Hayo yote alivumilia. Lakini siku moja akasema, "Bibi, fundi wa pancha kule Tegeta kaniambia tairi hizi hazina upepo wa kutosha. Kazijaza."

Mahfudhi alikuwa anakula. Akaweka tonge chini.

"Fundi wa Tegeta analijua gari la baba kuliko sisi?"

"Mjomba, ni lami ile. Siyo Fukayosi."

"Baba alikwenda nalo kila mahali na hakupata pancha hata ya mwiba. Wewe umelishika juzi."

"Basi tumfufue tumuulize."

Nikamkemea Zuhura, maana marehemu hafanyiwi mzaha. Akaomba radhi. Na Alhamisi ile Mahfudhi akatoka na kijiti chake cha kubonyezea vali. Psss. Psss. Udi ulikuwa unanuka nyumba nzima. Mimi sikumzuia. Nyumba ilikuwa imekamilika, nyie hamjui.

Ikawa ndiyo hivyo. Zuhura anajaza Dar, mjomba wake anapunguza Bagamoyo. Mwisho akachoka, akawa hajazi tena.

Ikafika asubuhi moja ya Ijumaa nikafuatana naye, nikaangaliwe macho hapo zahanati kwao. Nikakaa mbele, pale pale nilipokuwa nikikaa.

Vijana, ile safari ilikuwa tamu. Siwafichi.

Ukungu ulikuwa chini kwenye minazi. Tukapita njia ya Mbegani, tukapita Zinga, watu wanafagia mbele ya maduka, moshi wa vitumbua unakwenda pole pole. Jipu lilikuwa laini. Linabembea. Huku kidogo, kule kidogo, kama kitanda cha kamba mtu anakisukuma kwa mguu. Nikamwambia Zuhura, "Nyie mnasema gari gumu hili, mbona kama godoro?"

Akasema, "Likienda mbio ndivyo linavyokuwa, Bibi."

Nikasinzia.

Hapa sasa ni ndoto.

Lami haikuwepo. Njia ilikuwa mchanga mweupe, unang'aa bila jua. Aliyeshika usukani ni Mzee, kofia yake ya viua imerudi nyuma kisogoni.

"Umelala tena, Mama Mahfudhi."

"Sijalala. Nimefumba macho."

"Basi yafumbe. Tukifika nitakwambia."

Nikataka kumuuliza kama ameshapata kahawa. Lakini akasimamisha jipu, akashuka, akaenda kuchutama kwenye tairi la mbele, mgongo wake kwangu. Mimi nikamwita, wewe, tunachelewa sokoni. Hakugeuka. Nikakaa tu namwangalia mgongo. Wala sikuwa na haraka. Ningekaa pale mpaka leo.

Ila palikuwa na harufu. Harufu ya mpira unaoungua, na Mzee hakuwa mtu wa kunuka hivyo.

Nikafumbua macho. Tumeshapita Kerege.

"Bibi, linavuta kulia."

"Punguza mwendo."

"Napunguza, halinisikii!"

Tairi la mbele likapasuka. Mlio wake mimi ulinipita, nilihisi ule upande umeanguka tu. Jipu likavuka mstari likaingia upande wa wanaokuja, na mbele yetu palikuwa na lori la mchanga. Niliiona taa yake moja imevunjika. Niliona na shanga za dereva zinazoning'inia kiooni. Zuhura hakukanyaga breki. Aliulalia usukani kwa kifua chote, analirudisha, analirudisha, na mimi natamka shahada kwa sauti.

Lori likapita na honi yake. Tukatoka nje ya barabara kushoto, tukaingia majanini, tukasimama ndani ya marundo ya makuti ambayo watu wanauza ya kuezekea.

Makuti yamefunika kioo, mwanga ndani umekuwa wa kijani.

Nikamwita, "Zuhura." Haitiki. Macho yako mbele, mikono iko kwenye usukani. Nikamwambia achia, mama, tumesimama. Hakuweza. Ikabidi nimfumbue vidole kimoja kimoja, kama unavyomtoa mtoto mchanga kwenye nywele zako. Nilipomaliza ndipo akalia.

Watu wakaja. Mwenye makuti akaja amefura, alipotuona akasema makuti si kitu. Dereva mmoja wa bodaboda akalizunguka jipu, akaweka kiganja kwenye tairi la nyuma, akakiondoa mbio.

"Bibi, hata hizi nzima zina moto. Mnatembea kwenye lami na upepo wa shambani?"

Nikashuka nikaligusa mwenyewe. Lilikuwa kama chungu kimetoka jikoni.

Basi ile raha niliyoisifu njia nzima, kule kubembea, ndiyo tairi zilizokuwa zinajikunja na kujichoma. Nilikuwa nabebwa na kifo nikakiita godoro.

Nikakaa juu ya makuti tunamsubiri Mahfudhi, na pale nikakumbuka jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu miaka yote. Zamani tukitoka vumbini tukifika Msata, lami inapoanza, Mzee alikuwa anasimama. Kila safari. Kwa jamaa mmoja mwenye pampu. Mimi nashuka kununua mayai ya kuchemsha, nikirudi namkuta amechutama kwenye tairi. Nilidhani anapiga soga.

Alikuwa anajaza upepo wa lami.

Kwa hiyo tulirithi nusu ya desturi. Nusu ya nyumbani, tuliyoiona. Ile ya njiani alikwenda nayo.

Sisemi kwamba Mzee alinijia kunionya. Ndoto ni ndoto, na mwenye kujua ni Mungu. Nasema nilichokiona.

Mahfudhi alipofika aliangalia tairi, akamwangalia mpwa wake, akaanza, "Lakini baba..." Nikamkata. Nikamweleza habari ya Msata. Alikaa chini pale pale kwenye mchanga na kanzu yake ya Ijumaa. Zuhura ndiye aliyekwenda kumwinua. Akamwambia, "Mjomba, kanzu itachafuka, nani atakufulia?" Wakacheka huku wanalia.

Somo langu ni hili. Jipu linaweza kwenda lami, kama unalipa haki ya lami. Tairi zake ziwe na upepo wa njia unayopita leo, siyo ya jana. Mwendo uwe wa kwake, wakikupigia honi waache wapite. Gari refu likianza kukubembeleza, usilale. Shuka uguse tairi. Na mkirithi jambo kwa mkubwa, ulizeni na alilokuwa akilifanya mkiwa hamumtazami.

Mwenye jipu la kwendea kazini kila siku aseme analiwezaje. Mwenye kubisha abishe, lakini kwa adabu. Nasoma pole pole ila nasoma yote.

Alfajiri kwangu sasa ni kimya. Nikishaswali najinyoosha, namsikia jogoo, basi. Zuhura anaondoka kwa miguu kwenda stendi, na viatu vyake havina sauti. Ni haki yangu kukosa, yeye arudi jioni.

Maana jioni ya siku ile niliwaweka wote barazani nikawaambia: "Jipu litakwenda Fukayosi kubeba mananasi. Dar halikanyagi tena, na asiniulize mtu. Zuhura atapanda basi. Na wewe Mahfudhi, ukimtaka baba yako, chukua udhu ukae chini umsomee. Gari si kaburi."