Nyasi za Kuangalia

Enzi zetu, mwenzangu, nyasi hazikunyweshwa maji. Mvua ikinyesha zilikunywa, isiponyesha zilikauka zikasubiri kama sisi sote. Ndiyo maana mwanzoni mwa mwezi huu, lilipopita gari la matangazo mtaani kwetu hapa Shinyanga mjini, likisema ni marufuku kumwagilia bustani za nyasi kwa mpira mpaka mvua zianze, ili maji ya mji yatoshe, nilibaki mlangoni nimeduwaa, mswaki mdomoni. Marufuku yenyewe haikunishtua. Kilichonishtua ni kwamba kumbe kuna watu walikuwa wanafanya hivyo, tena wengi hadi watangaziwe kwa spika. Bomba letu huku pembezoni halijatoa hata tone tangu kiangazi kianze.

Wewe uliyekulia Kishapu unanielewa. Kiangazi mto wetu ulikuwa mchanga mtupu. Tulitoka alfajiri na ndoo, mchanga bado una baridi miguuni, mpaka pale mama alipochimba kisima chake katikati ya mto. Unashuka shimoni, unasubiri maji yajikusanye, unachota kwa kata ya kibuyu taratibu usije ukayatibua. Yalinukia udongo, na yalikuwa na ubaridi ambao sijaupata kwenye friji yoyote. Tukirudi, bibi ameshachemsha michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, tunaitafuna kwa karanga huku tunakimbilia shule.

Na maji yale yalikuwa na kazi nyingi. Yaliosha uso, yakaosha miguu, kisha yakamwagiwa mpapai wa uani. Yale mapapai yalikuwa matamu sana, au labda ilikuwa njaa tu. Kijana wa leo anaingia bafuni, anaimba nyimbo zake zote maji yanamiminika, akitoka kisigino bado kina vumbi.

Nyasi nazo tulikuwa nazo, tena tulizilinda kwa fimbo. Baba alitenga ngitili yake, malisho ambayo hakuna ng'ombe aliyeyakanyaga masika yote, ili kiangazi mifugo ipate cha kula. Kaka zangu walichapwa vibaya siku waliyozubaa kwenye gololi ndama wakapenya humo. Nyasi zilikuwa akiba ya tumbo la mtu, kwa sababu bila ng'ombe hakuna maziwa.

Lakini ninalolikumbuka kuliko yote ni jambo moja la pale kisimani. Mama hakuruhusu tuchote mpaka chini. Ndoo ijae isijae, maji yakibaki kidogo alikuwa anatushika mkono. "Msikaushe. Kuna mtu njiani." Mimi nilikuwa mbishi, nikapanda juu ya ukingo nikaangalia mto mzima, huku na huku. "Mayu, mbona hakuna mtu?" Akajitwisha ndoo yake, akasema, "Yupo. Hujamwona tu." Nilikasirika, maana ndoo isiyojaa ilimaanisha kurudi tena jioni.

Mama yule sasa ni mzee sana, naishi naye, na magoti hayamruhusu kubeba kitu. Jumapili iliyopita nilimpeleka kwa mwanangu Masanja, kule mabondeni ambako maji hayakatiki, angalau akaoge vizuri. Tulipoingia getini nikasimama. Uwanja mzima ulikuwa kijani, umelowa chepechepe, na mpira umelazwa katikati unatiririsha. Nilikuwa nimewalaani hao watu wa nyasi tangu siku ya tangazo, kumbe mmoja nimemzaa mwenyewe.

"Shikamoo, bibi," Masanja alimsalimia.

"Marahaba, mjukuu wangu." Mama aliuangalia uwanja muda mrefu. "Ng'ombe wako wapi?"

Masanja akacheka. "Bibi, hizi si za ng'ombe. Ni za kuangalia."

Nikamuuliza kama hakusikia tangazo. "Nimelisikia, mama. Lakini nikiziacha zitakufa, na huku kwetu maji yapo. Simkoseshi mtu."

Mama akaomba beseni. Akaoga kwa maji ya nusu ndoo, bomba la bafuni hakuligusa, kisha akatoka ameshika beseni lenye maji ya mapovu kwa mikono miwili, magoti yale yale, akayamwaga kwenye nyasi za mjukuu wake. "Kama ni za kuangalia tu," alisema, "haya yanazitosha."

Tulipotaka kuondoka, Masanja, uso umemshuka, alituwekea dumu chini ya bomba tuondoke nalo. Lilipokaribia kujaa mama alinyoosha mkono akafunga koki.

"Acha, bibi, lijae. Maji yapo mengi."

"Kuna mtu njiani," mama alisema.

Masanja alichungulia barabarani, kama mimi nilivyofanya juu ya ule ukingo. Akaniangalia. Nilishindwa kumficha: bomba hili likishatoka kwako, mwanangu, linapanda kwetu. Alikwenda kufunga mpira.

Enzi zetu tulimwachia maji mtu tusiyemjua, na wala hatukumwona akifika. Siku hizi tuna bomba, na mtu huyo namjua. Kila alfajiri namkuta ameketi uani kwangu kwenye kigoda, ndoo tupu mbele yake, anasikiliza kama bomba litakohoa.